Chai ya Karani wa Mpakani

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, shemeji na wapwa zangu? Kifua cha shemeji kimepoa? Sisi tu wazima. Mama mguu bado unamsumbua, ila mdomo hauna hitilafu: leo kanigombeza mara mbili kabla ya chai.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliisomea ofisini, nikacheka hadi mpiga chapa akauliza kulikoni. Eti karani wa mpakani kwenu kaenda kunywa chai na muhuri mfukoni, ninyi mkabaki foleni jua la utosini! Dada, huna mfano.

Sasa nina neno zito, na uso sina pa kuuweka.

Unajua idara yetu ndiyo inayopima kama nchi yenu iko tayari kuingia kwenye jumuiya, ili mpaka ufunguliwe. Fomu inadai ushahidi wa mkazi wa huko. Siku ya kukabidhi ilifika sijamhoji mtu hata mmoja. Nikanakili maneno yako kuhusu karani. Pale aliporudi akawaomba radhi, akapiga mihuri mpaka jioni, sehemu hiyo nikairuka. Chini nikaandika: "Chanzo cha kuaminika."

Kikaoni mkurugenzi akaisoma kwa sauti. Wakacheka wote, nami nikacheka nao. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kisha akafunga jalada, akasema, "Hawa bado. Tuwape miaka miwili kwanza." Nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao.

Kikulacho ki nguoni mwako; basi chawa wako ni mimi. Umenyimwa kibali mara tatu, ukawa unangoja mpaka ufunguliwe uje umwone Mama. Nami nimeufunga kwa maneno yako mwenyewe. Naona haya, Dada.

Kesho nitamweleza mkurugenzi ukweli. Huenda nikafukuzwa, na huenda uamuzi usibadilike. Nimetaka wewe ulijue kwanza.

Mama hajui. Kila siku ananiuliza, "Ninyi wenye mihuri, mwanangu mnamfungulia lini?" Namjibu karatasi zina taratibu zake. Sasa hivi kasimama mlangoni, anasema nikuandikie kwamba godoro lako ameshalianika. Basi nimeandika.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na yule kitinda mimba wako Mapengo. Mungu awalinde, awape jirani mwema kuliko mimi.

Wako akupendaye, ingawa si wa kuaminika,
Mdogo wako.