Picha ya Nyuma ya Jicho la Mama

Jumatatu, 3 Februari 1997
Kaka Mwirigi kaja tena. Eti Mama anasahau, kwa hivyo shamba la kahawa liandikwe jina lake, naye Mama ahamie kwake Laare. Mama ahame Githongo? Labda abebwe! Kweli juzi aliita mbuzi jina la shangazi marehemu. Lakini mbuzi mwenyewe ana sura ya shangazi.

Jumanne, 4 Februari
Daktari Cicily wa Nairobi yuko ukumbi wa kanisa na kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho. Wanatafiti kama mshipa wa huko ndani unaweza kuonyesha mapema nani yuko hatarini kupata ugonjwa wa kusahau — Alzaima. Bado hawana hakika, anasema. Mwirigi kashikilia Mama apelekwe. Naogopa.

Jumatano, 5 Februari
Ushindi!

Wazee walifika na kofia na tai, wakidhani ni picha ya kutundika ukutani. Mama kavaa sare yake ya kina mama wa Methodist. Maswali kwanza. Leo siku gani? Akajibu. Rais nani? Akajibu, na maoni juu yake. Una watoto wangapi?
"Wapo," akasema mwishowe.
Wangapi?
"Wapo. Mungu anawajua."
Daktari akaandika sifuri. Mwirigi akawageukia watu: mnaona, hajui hata watoto wake!

Mnafiki! Anajua vizuri kwetu mama hahesabu watoto wake, ni kuwaitia kifo. Nikasimama, nikatoa ile sauti yangu ya ualimu, nikamweleza daktari. Wazee wakaitikia ukumbi mzima. Daktari akaona haya, akafuta. Basi wataje, akasema. Mama akatutaja sote, na waliozikwa, na kila mmoja alizaliwa msimu gani.

Kisha matone machoni, kidevu kwenye chuma, mwanga — pwa! Picha ikatoka. Daktari akasema peke yake haiamui, ila mshipa ni mzuri na majibu ni mazuri. Nikapiga vigelegele kanisani! Mama alirudi kajifunika leso usoni, analitukana jua njia nzima kwa sababu ya yale matone. Haendi Laare!

Alhamisi, 6 Februari
Mwirigi kaamka na hasira. Kamera ya uongo, inasifu kila mtu! Akaenda kuijaribu mwenyewe. Nikamfuata nicheke.

Pwa. Daktari akatazama. Akapiga nyingine, akaipeleka dirishani. Akamuuliza taratibu kama kuna kitu kinamsumbua siku hizi. Nikangoja matusi. Kaka akainama. Akasema huwa anafika sokoni Laare, mahali amefanya biashara miaka yote, na hajui njia ya kurudi kwake. Ndiyo maana alitaka Mama akae naye. Anaogopa kuwa peke yake.

Sikucheka. Daktari anataka aende Nairobi kupimwa zaidi.

"Nkirote, usiambie Mama bado," akaniomba njiani.

Sasa tuko jikoni. Mama anamimina chai, anauliza kamera imesemaje kuhusu mwanawe. Kaka ananitazama. Nimejifanya nina kazi ya kuandika. Mama anauliza tena —