Kengele ya Geti Uliyotuchagulia

Kwa Zondi, Imbali,
Pietermaritzburg.
9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Muziwandile,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Auckland, wewe na mkeo na watoto, na kwamba baridi ya kwenu imepungua. Sisi tupo. Presha ya Mama inapanda na kushuka, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mvua zimewahi mwaka huu, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini.

Umekuwa ukiuliza kwa nini geti la nyumbani haliiti tena kwenye simu yako. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unacheka kabla mtu hajamaliza kusema, na safari hii nataka nimalize.

Nianze na kengele yenyewe. Unakumbuka nilivyokwenda dukani na Mama baada ya majirani kuvunjiwa. Mama aliipenda ile ya waya, yenye mkono wa kushika kama simu za zamani na kioo chake ukutani. Alisema anataka kumwona mtu aliyesimama getini, basi. Wewe, kutoka huko Auckland, ukang'ang'ania ile yenye kamera inayoita mpaka kwenye simu yako popote ulipo, na unaweza kufungua geti ukiwa huko huko. Ulisema Baba hayupo, kwa hiyo mwanamume wa nyumba ni wewe, na anayelipa ndiye anayechagua. Mama akairudisha ile ya waya rafuni. Muuzaji alitutahadharisha kwamba akiitikia mmoja, kwa mwenzake kioo kinazima. Nikakupigia kukueleza. Ukajibu hiyo si shida, nani atagombea kumwitikia muuza mboga.

Sasa tuje Juni. Nilikwambia mapema ni Jumamosi ipi wazee wa Mandlakayise watakuja kuniposa. Sina haja ya kukuhadithia nilimsubiri miaka mingapi akusanye ng'ombe wake wa mahari. Wewe ulikuwa unanihesabia kila Krismasi, mbele za watu, ukiuliza kama mchumba wangu anakuja kwa miguu kutoka Misri.

Walifika kabla ya jua, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa chumbani chini ya blanketi na mabinti wa Baba mdogo Khulekani. Mzee Mbanjwa, yule aliyemlea Mandlakayise baada ya babake kufariki, alisimama nje ya geti akaanza kuuita ukoo wetu kwa majina yake ya sifa. Nondaba! Gagashe! Ana sauti yule mzee, wewe acha tu. Tulimwacha aite, maana hakuna mposaji anayefunguliwa mara moja. Baba mdogo alikuwa sebuleni akisema, "Aombe kwanza. Binti yetu si mkate wa dukani." Nilifurahi, Muzi. Katika umri wangu huu hakuna aliyewahi kunitaja kwa bei kubwa namna ile.

Kisha kengele ikalia, kioo cha sebuleni kikawaka na kuzima. Sauti ya mzee nayo ikakoma. Tukadhani anavuta pumzi. Baada ya muda tukasikia mlio wa ng'ombe huko nje, mrefu, kutoka getini. Mabinti wakanikumbatia. Mama aliinuka akasema, "Wameleta mnyama kweli, si pesa za bahasha tu," akaenda jikoni kuongeza maji ya chai akiimba.

Huo mlio wa ng'ombe ulikuwa wa Mzee Mbanjwa.

Nimeiona video yote ya getini, kwa sababu uliituma mwenyewe kwenye kundi la binamu ukiipamba na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Kwenu ilikuwa alasiri, mko kwenye nyama choma na bia. Ulimwamuru avue kofia, akavua. Ukamwambia arudi nyuma uone viatu, akarudi. Alikuwa amevaa koti la marehemu nduguye, mikono yake imemeza vidole. Yeye alijua watu wa upande wa binti husumbua, na alikuja tayari kusumbuliwa, kwa hiyo alikutii kwa heshima zote. Ndipo ukamwambia, "Ng'ombe siwaoni, mzee. Hebu lia kama wao, tujue wako wazima."

Akalia. Alifumba macho kabisa. Rafiki zako wakaangua kicheko, na mzee akafumbua macho akaangalia dirisha letu, lenye taa, akidhani ni sisi tunaocheka. Wewe ukasema, "Bado ndama." Akavaa kofia yake.

Tulipotoka kufungua, tulikuta nyayo tu kwenye umande ulioganda. Mama bado alikuwa na birika mkononi.

Baba mdogo alikwenda mpaka kwao Bulwer na mbuzi wa kuomba radhi. Walimpokea vizuri, wakampa chai, na mbuzi wakampandisha tena kwenye gari. Mandlakayise alinipigia jioni ile. Alisema, "Kuachwa nje tungevumilia mpaka usiku, na faini tungelipa. Lakini siwezi kumwambia aliyenilea asimame tena pale." Hakunitukana. Ningependa angenitukana, ningepata pa kumshika.

Septemba mzee alisimama kwenye geti lingine, Mpophomeni. Koti lile lile. Wakamfungulia. Huyo binti ni muuguzi, mdogo kwangu kwa mbali. Nilikuwa naomba awe na sura mbaya, lakini nimemwona.

Najua utasema ni utani tu, na kwamba mila yenyewe imejaa utani. Ulishasema. Nami nakubali, tulimwacha mzee kwenye baridi na sisi tuna hatia hiyo. Lakini anayemtania mgeni getini mwisho wake humfungulia. Kitufe cha kufungua kilikuwa hapo hapo chini ya kidole chako, ndicho ulichokisifia siku ile ulipotuchagulia. Ulikuwa na chupa mkononi.

Basi kengele yako nimeing'oa. Nimerudi dukani nikachukua ile ya Mama, ya waya, isiyoita kokote ila sebuleni. Muuzaji aliniuliza kama nina hakika, maana siku hizi kila mtu anataka ya simu. Nikamwambia tulishajaribu. Kioo tu ndicho nilichoomba kiwe kikubwa, na picha yake ni safi, mtu anaonekana mpaka kamba za viatu.

Uliuliza kama Mama amekasirika hata hapokei simu zako. Amesema nikujibu kwamba anangoja uje. Kiti chake amekihamisha, sasa kiko mbele ya kioo.

Umesema unakuja Desemba peke yako. Karibu. Funguo za zamani hazifanyi kazi tena, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta. Njoo asubuhi, kabla ya jua. Kitufe kiko upande wa kulia. Vua kofia, rudi nyuma kidogo tukuone viatu. Tutakuwa sote sebuleni, na Baba mdogo nimeshamwalika. Kilichobaki unakijua, uanze mwenyewe bila kuambiwa, na usiache ndama.

Nisalimie mkeo Lorraine na watoto, hao hawana kosa. Baba mdogo Khulekani na mabinti zake wanakusalimu. Mama hakutuma salamu.

Mungu akulinde angani na barabarani, akufikishe salama mpaka getini.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, na ninayekupenda bado,

Bathabile