Kura ya Kumi na Mbili

Nyumba za Wahadhiri, Waimanu
Jumapili, 9 Juni

Kwako ndugu yangu Apisai,

Nakusalimu, mimi niliyekula nawe sahani moja tangu tulipokuwa bwenini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo umeanza kuelewana na jembe. Losana anaendeleaje na msiba? Binti yenu Mereoni je, bado anawaamrisha nyote kwa mikono yake miwili kama hakimu? Sisi huku mwili hauna neno. Magimbi na mkeka vilifika salama kwa meli ya Jumanne, na mke wangu anashukuru sana. Mkeka ameutandika sebuleni, na mimi nimekuwa nikiuzunguka kila ninapopita. Ameshaniuliza mara mbili kwa nini siukanyagi.

Barua yako nimeipata. Ni ya ukurasa mmoja, nami nimeisoma siku nne mfululizo. Nitaijibu. Niache kwanza nikupe habari za chuo, maana najua unasema huzitaki na najua unazitaka.

Jengo lako wamelipaka rangi. Kile chumba cha vioo, ambamo wanafunzi wako walijifunza kutazama mikono yao wenyewe, sasa ni Ofisi ya Ubora wa Elimu. Ina maofisa sita na haina mwanafunzi hata mmoja, wala hakuna aliyeuliza kama idadi inatosha. Makamu Mkuu wetu, Profesa Seruvatu, ameongezewa miaka mitano. Kwenye sherehe alisema chuo cha umma ni kama mti, usipopogolewa hauzai. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Shule ya viziwi ya huku imebaki na walimu watatu kwa watoto sitini. Mkuu wake alikuja chuoni mwezi Machi kuuliza mwaka huu tutampa wahitimu wangapi wa kozi yako. Karani wa mapokezi alimpa fomu ya maoni.

Sasa nirudi kwenye kile kikao cha Seneti, miaka miwili iliyopita. Najua ulikuwepo. Lakini tulikaa viti tofauti, na kuna mambo hukuyaona kutoka pale ulipokuwa.

Unakumbuka waraka ulivyosema: kozi yoyote yenye wanafunzi chini ya ishirini kwa miaka mitatu ifungwe. Wewe ulikuwa na kumi na wanne. Ulisimama ukawaambia kwamba katika visiwa hivi vyote hakuna mahali pengine panapofundisha walimu wa watoto viziwi, na kwamba mwalimu mmoja kati ya hao kumi na wanne ni sauti ya watoto ishirini. Ulizungumza dakika tano bila karatasi, kisha ukamalizia kwa kusema yaleyale kwa mikono, kimya, na ukumbi mzima ukanyamaza nawe. Profesa Seruvatu alisubiri ukae, akakushukuru kwa "hisia zako", akaomba kura iwe ya siri ili kila mtu awe huru.

Tulikuwa wajumbe ishirini na watatu. Wewe ulikuwa umeshahesabu watu wako, nyumba kwa nyumba, bakuli la kava kwa bakuli la kava, kama tunavyokunywa kwetu tunapoombana jambo. Pamoja na wewe mwenyewe walikuwa kumi na wawili, na kumi na wawili walitosha. Vilikesa, shemeji yako, kaka wa mkeo Losana na mkutubi wetu mkuu, alikuwa mmoja wao, ingawa yeye hakuwahi kujibu jambo kama watu wengine. Ulipomwomba kura mbele yangu alisema, "Shemeji, kura yangu ni kilo moja ya mizizi ya kava ya Kadavu. Usipoileta kufikia Ijumaa, namuuzia Seruvatu." Tulicheka sote watatu. Ndivyo mashemeji wa kwetu walivyo. Mtu asipomtania shemeji yake, watu huuliza wamegombania nini.

Matokeo yalisomwa: kumi na wawili wafunge, kumi na mmoja wasifunge.

Nilikuona ukihesabu upya kwa vidole. Halafu ukatoka, ukamngoja Vilikesa nje ya ukumbi, sisi wengine tukiwa tumesimama kama watu waliokuja kutazama jogoo wakipigana. Ukamuuliza, "Ni wewe?" Alinitazama mimi kwanza, kisha akasema, "Shemeji, mimi nilikuuza lini?" Ukamjibu, "Leo. Na hata kava hukungoja." Ukamwambia asikanyage tena mlangoni kwako, na kwamba Losana hana kaka. Mimi nilikuwa nimekushikia mkoba. Nilikushika bega, nikasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kinywani kama kutu. Nilikwambia, "Mwache, ndugu yangu. Mungu anamwona."

Ulirudi kisiwani kwenu Kadavu kulima. Vilikesa alibaki huku, na ndani ya mwezi mmoja hapakuwa na mtu chuoni asiyejua kwamba mkutubi alimuuza shemeji yake kwa utani. Akiingia chumba cha chai, mazungumzo hukatika. Kuna siku mtu alimwekea mezani pakiti tupu ya kava. Aliitazama, akasema, "Hata rushwa siku hizi wanapunja," akakaa akanywa chai yake peke yake. Mama mkwe wako, mama yake mzazi, alipofariki, nilisikia alisimama nje ya uzio wa kanisa, kwenye mvua, kwa sababu wewe ulikuwa ndani.

Kisukari kilimshika mguu mwezi Februari, na wakaukata juu ya goti. Nilikwenda kumtazama hospitalini saa za adhuhuri, nikamkuta anasoma gazeti. Aliniambia, "Penaia, wamenipogoa. Huu mguu haukufikisha idadi." Sikuweza kucheka. Akasema nikae, nikakaa. Akakunja gazeti vizuri, kama alivyokuwa akikunja kila kitu, akaniambia kwamba siku ile ya kura alinyoosha mkono kuchukua jagi la maji lililokuwa mbele yangu, akaiona karatasi yangu.

Ndiyo, Apisai. Ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine, nikachana. Hii nimeiacha.

Siku tatu kabla ya kikao, Profesa Seruvatu aliniita kunywa chai. Hakuniomba kura. Uchafu wenyewe ni huo, kwamba hakuniomba. Aliniuliza habari za watoto, akaniuliza nina miaka mingapi kazini, kisha akasema maombi yangu ya uprofesa yapo mezani kwake mwaka wa nne sasa, na kwamba angependa kuona watu wa rika letu wakimaliza vizuri. Akanimiminia kikombe cha pili. Nilitoka pale nikijiambia sijaahidi chochote, na kweli sikuahidi. Nilimpa tu.

Nilijitafutia sababu, usidhani sikujitafutia. Nilijiambia wangeifunga tu hata nisipokubali. Nikajiambia pia kwamba wewe ni hodari, utaanzisha kwingine. Kalamu ilipofika kwenye karatasi sababu zote zilikuwa zimeshatoka nje ya chumba, nimebaki mimi na jina langu likiwa na "Profesa" mbele yake. Cheo kilitoka mwezi Agosti. Wewe ulikuwa wa kwanza kunipongeza, ukanitumia nguruwe.

Nilimuuliza Vilikesa kwa nini hakunitaja. Alinijibu hivi, na nayaandika maneno yake kama yalivyo: "Ningesema, nani angeniamini? Mtu wa utani akisema kweli, watu husubiri sehemu ya kuchekea. Wewe hujawahi kutania maishani mwako, Penaia. Ungekataa mara moja tu na yangeisha." Akatazama pale mguu ulipokuwa. Halafu akasema alinisubiri. Kila mwezi alidhani mwezi huu nitakwenda Kadavu. Hakuniomba niende hata siku ile. Aliniuliza tu kama meli bado inaondoka Jumanne, nikamwambia ndiyo, nikaaga.

Meli iliondoka Jumanne ile bila mimi, na Jumanne kumi zilizofuata. Donda halikupona. Alifariki tarehe kumi na nane Mei.

Wewe hukuja kijijini kwao Tailevu kumzika. Losana alikuja peke yake, akakaa mwisho wa mkeka kama mgeni, kaka yake amelala mbele. Chuo kilinichagua mimi kusoma wasifu wa marehemu. Nilisoma tarehe zake za kazi. Mzee mmoja wa ukoo wao alisema kwa sauti, ili watu wasikie, kwamba marehemu alikuwa na doa moja, na kifo kimelifuta. Nilikuwa nimesimama na karatasi mkononi, na kinywa nilikuwa nacho. Losana aliinamisha kichwa. Nikakaa chini.

Sasa barua yako. Umeniandikia kwamba hukumlilia. Umesema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba unamshukuru Mungu kwamba katika nguo zako zote nilibaki mimi. Methali ni ya kweli, ndugu yangu. Nguo ndiyo uliyokosea.

Siombi msamaha kwa barua. Kwetu jambo kama hili haliombwi kwa kalamu, na jino la nyangumi, ambalo ndilo la kuombea radhi, haliingii ndani ya bahasha. Ninalo hapa, alinipa baba mdogo bila kuniuliza ni la nini. Nitashuka bandarini kwenu Vunisea Jumatano wiki ijayo. Ukilikataa, nitaelewa, nami nitarudi kwa meli ileile. Hata ukilipokea, najua ninaloweza kupatanishwa nalo ni nusu tu, kwa maana nusu nyingine imelala Tailevu.

Kwenye Seneti nimeandika barua ya kujiuzulu, nikaeleza sababu, nikaomba isomwe na iingie kwenye muhtasari wa kikao. Wamenijibu kwamba kura ilikuwa ya siri, na kwa hiyo ninachodai hakiwezi kuthibitishwa. Wamenishukuru kwa utumishi wangu.

Nina ombi moja, na si kwa ajili yangu. Usiingoje Jumatano. Msomee Losana barua hii leo, tangu mwanzo, na usiruke pale penye mvua na uzio. Mereoni mpe aisome mwenyewe. Mjomba wake ndiye aliyekuwa akimtania kwa mikono mpaka anaanguka chini kwa kicheko, na kwa miaka miwili tumemwambia mtoto yule kwamba ni mtu mbaya.

Wasalimie majirani na mchungaji. Mke wangu anawasalimu. Nimemsomea barua hii asubuhi kabla ya kanisa, na hajanisemesha tangu hapo, ila ameniambia nisisahau kutaja kwamba anawasalimu.

Ni mimi,
Penaia Lotawa