Gari la Mama Somoe Lililokataa Mlima

Masasi,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijasema yangu, niulize yako. Magoti yanasemaje kipindi hiki cha upepo? Vidonge vya presha unavimeza kwa saa yake, au bado unangoja mpaka kichwa kianze kuuma ndipo uvikumbuke? Mimi mwanao ni mzima. Joto la huku nimelizoea, na watu nao wamenizoea. Siku hizi mteja akifika gereji haniulizi tena, "Fundi yuko wapi?" huku nimesimama mbele yake na spana mkononi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na nikiisema kwa mdomo najijua, nitajipendelea.

Yuko mwalimu mstaafu wa Mnyambe, kule juu Newala, tunamwita Baba Somoe. Ana gari dogo la otomatiki, na kazi yake kubwa ni moja: kumleta mkewe hospitali kila wiki kusafishwa kidonda cha mguu. Mama Somoe ana sukari. Kidonda kilianza kama mchubuko wa kiatu, kikafika mahali ambapo daktari alisema wakikosa kliniki hata mbili mfululizo, asije akalaumiwa mtu kuhusu ule mguu. Pikipiki hawezi kupanda, mguu haukunjiki.

Basi siku moja gari lile likaanza vituko. Linakwenda vizuri, ghafla linastuka, taa ya injini inawaka, na gia inaganda palepale. Halipandishi wala halishushi. Baba Somoe akaniletea.

Nikuelezee kwa lugha yako. Giaboksi ya otomatiki inaendeshwa na oili inayosukumwa kwa nguvu kwenye mishipa yake, kama damu. Ndani yake kuna sensa, kidude kidogo kama kizibo, kazi yake ni kupima presha ya oili hiyo na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta ikisikia presha imeanguka, inaogopa giaboksi itaungua, basi inaifunga kwenye gia moja ili ufike nyumbani polepole.

Nikachomeka mashine ya kupimia. Ikaniandikia sensa ya presha ya oili. Mama, nilifurahi kama mwanafunzi aliyepewa swali alilolisoma jana. Nikaangalia oili, iko kwenye kipimo, nyekundu, haina harufu ya kuungua. Nikaagiza sensa mpya, nikaifunga, nikafuta taa, nikalizungusha gari mjini Masasi barabara zote za tambarare. Halikukohoa hata mara moja. Nikamwambia Baba Somoe, "Chukua gari lako, Mwalimu. Limepona." Nilisema hivyo mbele ya watu.

Wiki iliyofuata, wakitoka kliniki, gari likakata katikati ya mlima wa kwenda Newala. Gia imeganda, injini inanguruma bure, gari halisogei. Walikaa pale kuanzia saa tano mpaka jua limegeuka, Mama Somoe kanyoosha mguu wake juu ya kiti cha nyuma, bandeji inalowa. Lori la mbao ndilo lililowavuta.

Kesho yake Baba Somoe alikuja gereji. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniumiza. Alisimama mlangoni akasema, "Binti, nilikuamini wewe wakati wenzangu wananicheka. Sasa mke wangu hataki tena kupanda gari lile, na mimi siwezi kumlazimisha. Nalitafutia mnunuzi." Fundi mmoja huko juu alikwisha kumwambia giaboksi imekufa, ing'olewe nzima.

Bwana Twaha, mwenye gereji, akaniambia niachane nalo. "Ulichoweza umefanya. Mashine ilisema sensa, ukabadilisha sensa." Ni kweli, lakini sikulala vizuri. Nilikuwa najua gari likiuzwa, ule mguu hautasafiri tena.

Jumamosi nikapanda gari la abiria mpaka Mnyambe, peke yangu, kuomba radhi. Nilimkuta Mama Somoe kibarazani, anabangua korosho za kuungia kisamvu, mguu juu ya kigoda. Nikasalimia, nikapiga goti. Akaniitikia marahaba, nikaletewa maji ya kunawa kwenye kibakuli, kidogo tu, maana maji ya kule juu hayachezewi.

Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilisema gari limepona na halikupona."

Akaendelea na korosho zake. Kisha akaniuliza, "Wewe ulilijaribu wapi?"

"Kule mjini, Mama."

"Ndiyo maana. Mwanangu, gari lile kwenye tambarare halina neno hata lingekwenda mpaka Lindi. Likishuka mlima, halina neno. Linakata likipanda, tena akishakanyaga mafuta sana. Kwanza nasikia injini inainamia upande wangu, kitu kinagonga chini, ko! Halafu ndiyo taa. Mie nakaa nyuma na mguu wangu, sina kazi nyingine ila kusikiliza."

Nikakiweka chini kibakuli cha maji. Siku gari lilipoletwa gereji, mama huyu alikuwa ndani, kwenye kiti cha nyuma. Nilimsalimia, nikamwekea mto, nikamuuliza mumewe maswali yote. Mumewe hakujua. Mashine nayo ilijua jina la sensa tu, haikujua mlima.

Nikamwomba Baba Somoe siku moja tu. Alikubali kwa shingo upande, na ni kwa sababu mkewe alisema, "Nakwenda na huyu binti. Nataka aone."

Jumatatu wakashuka na gari mpaka gereji, nikafunga geji ya presha moja kwa moja kwenye giaboksi, mpira wake nikaupitisha dirishani, nikaishika mkononi. Ile mashine nikaiweka mapajani. Kwa hiyo nilikuwa na mashahidi wawili: geji inayopima oili yenyewe, na mashine inayosoma kile ambacho sensa inaiambia kompyuta. Bwana Twaha akashika usukani, Baba Somoe pembeni yake, mimi nyuma na Mama Somoe. Chini kote, mashahidi wangu walikubaliana. Tukaanza kupanda.

"Kanyaga, kanyaga," Mama Somoe akamwambia Bwana Twaha, kama anaendesha yeye. Injini ikalia. Akanishika mkono. "Sasa!"

Ko! Nilisikia kwa masikio yangu. Namba kwenye mashine ikaanguka mpaka sifuri, taa ikawaka, gari likaganda. Lakini sindano ya geji, Mama, haikutikisika. Oili ilikuwa na nguvu zake zote. Giaboksi ilikuwa nzima, na sensa niliyoitoa mwanzo huenda nayo ilikuwa nzima. Uongo ulikuwa unaingia njiani, kwenye waya.

Tuliweka mawe kwenye matairi nikafungua boneti palepale. Mpira mmoja unaoshikilia injini ulikuwa umechanika. Kwenye tambarare injini inakaa mahali pake. Ukikanyaga mafuta mlimani inainama, inagonga, na fungu la nyaya linabanwa kwenye ukingo wa chuma. Nikachana utepe mweusi uliozifunika. Waya wa sensa ulikuwa umechunika ngozi mpaka shaba inaonekana, mahali padogo kama punje ya mtama. Kila ukigusa chuma, kompyuta ilisikia kwamba presha imekufa.

Baba Somoe aliinama akapatazama. Kisha akamgeukia mkewe, "Mbona hukuniambia habari ya huo mlio?"

"Nilikwambia mara mbili. Ukasema nikae vizuri nisiuumize mguu."

Bwana Twaha alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikuweza kucheka.

Tukashuka polepole. Nikaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, nikauvalisha ngozi mpya, nikaupitisha mbali na chuma, nikafunga mpira mpya wa injini. Safari hii sikusema limepona. Tulipanda mlima ule mara tatu, na mara zote tatu nilimwangalia Mama Somoe, siyo mashine. Mara ya tatu akafumba macho, akasema, "Limenyamaza."

Sasa ni majuma kadhaa na hawajakosa kliniki. Muuguzi amesema nyama mpya nyekundu imeanza kuota pembezoni. Hakuna anayeahidi kitu, lakini mguu upo.

Mama, sasa nifike kwenye jambo linalonikaa rohoni. Juzi kaka Yona alinipigia, akasema yeye na ndugu zetu wengine wamekwisha kukubaliana uhamie kwake Dodoma kabla ya mvua, nyumba ya Kiomboi ipangishwe, mbuzi wauzwe. Akauliza maoni yangu nikajibu upesi, "Sawa, ni vizuri, atakuwa karibu na hospitali." Nilikuwa chini ya gari, nilitaka simu iishe. Nilipomaliza kazi ndipo nikajiuliza kama kuna hata mmoja wetu aliyekuuliza wewe. Nimewapigia wote, mmoja mmoja. Hayupo.

Labda unataka kwenda. Labda umechoka kuamka peke yako. Au labda kuna kitu unakijua kuhusu kukaa kwako hapo ambacho sisi, kwa kuwa mbali, hatukisikii. Sitaki ujibu kwenye simu, kwa maana simu yako inapokelewa mbele ya watu wote, na wewe mbele ya watu husema "sawa" kwa kila kitu. Niandikie kwa mkono wako. Ukisema unakwenda, nitakuja kukufungia mizigo. Ukisema hubanduki, nitamwambia kaka, na akinuna atanuna na mimi.

Nisalimie mjomba seremala, mwambie ile tupa aliyonipa bado inakata. Nisalimie shangazi wa pale kisimani na wajukuu zake wote, na yule mama mkwe wa kaka anayekusindikiza kanisani. Baba Somoe na mkewe wamesema nikutumie salamu, ingawa hawajawahi kukuona.

Karatasi nimeikunjia humu ndani, na bahasha yenye stempu. Andika hata mstari mmoja, Mama. Nitausoma polepole.

Mwanao anayekusikiliza,
Neema