Kijiji cha Nungunungu Ulichomwendelezea Mado

Mpendwa Papa,

Nina wivu, na anayenitia wivu ni Mado, mtoto wako wa mwisho. Ni wewe tu ninayeweza kukuambia.

Unakumbuka Jumamosi zetu za kwenda shambani, barabara ya Mwadingusha? Mimi nyuma ya baiskeli yako, jembe limefungwa kando. Njia nzima ulinisimulia habari za Nungunungu fundi cherehani, aliyejing'oa miiba mgongoni ili apate sindano, na jirani yake Kanga, aliyeleta nguo zishonwe kisha akakaa mpaka bukari isongwe ale. Mvua ikinyesha, kijiji kizima kilijibana kwa Nungunungu kula karanga.

"Nungunungu hana na bibi?" nilikuuliza.

Ulicheka. "Ataoa siku weye utaacha kuuliza."

Nikaolewa mimi, nikahamia Lubumbashi. Niliamini kijiji kile kilibaki pale tulipokiacha.

Mwezi uliopita nilileta watoto nyumbani Likasi, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilikuwa uani nachekecha unga, nikamsikia Mado akiwasimulia. Nungunungu ameoa. Ana mapacha. Kanga amefungua duka la mikate. Papa, mikate! Wanangu walicheka mpaka wakagaagaa mkekani, na mimi sikujua hata jina la bibi harusi.

Nilimwita jikoni. "Ile hadisi iko yangu. Nani alikuambia umuoze?"

"Papa mwenyewe. Ile miaka ya ugonjwa. Nilikuwa namuosha, yeye ananisimulia."

Nilimtolea maneno mabaya, hata kwamba ulimpenda kuliko mimi. Hakukasirika. Alikaa juu ya bidoni la maji.

"Yaya, weye ulipata Papa wa kuendesha baiskeli. Minye mdogo wako, tangu niko na akili, namuona pa kitanda. Ningetoa hadisi zote juu ya siku moja tu anipeleke kwa shamba."

Baadaye, tukichambua maharage, nilimweleza ulivyokuwa ukipanda kile kilima cha njia ya shamba: unahema, unatoa jasho, na bado unapiga mluzi.

"Mluzi?" Mado aliacha maharage. "Papa alikuwa anapiga mluzi?"

Wivu haujaisha, Papa, sitakudanganya. Lakini nilikunja midomo nikaupiga mluzi wako, vibaya, nusu hewa tupu. Mado alifumba macho, akaniomba niurudie.

Pumzika, Papa. Tuko wote wawili, mimi na Mado.

Mimi, binti yako wa kwanza