Ukuta wa Maji

12 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na goti limepunguza kukusumbua. Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikiisikia sauti yako tu, nalia. Unauliza kwa nini kaka yako alipokea simu, akakusikiliza, kisha akakata. Unasema amekuchukia. Hapana, wifi. Kiharusi kimechukua maneno, akili kimemwachia. Anajua ni wewe, na analijua analotaka kukuambia. Likifika mdomoni linageuka kitu kingine, na yeye mwenyewe anasikia limeharibika, basi anaona aibu. Alipokata, alikaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa.

Maneno yetu nayo yanamchanganya. Tulimpeleka mazoezi kwenye ukumbi wa kituo cha afya. Mimi huku, "Inua mkono." Jirani kule, "Wa kulia, baba, wa kulia." Mwingine akapaza sauti kama anaongea na kiziwi. Kaka yako akasimama kama nguzo, watu wakanong'ona kwamba akili imemtoka. Mwalimu wa mazoezi, dada mmoja mpole, akatunyamazisha sote. Akasimama mbele yake, akainua mkono wake mwenyewe bila kusema kitu. Na kaka yako akainua wake. Nilimshukuru yule dada mpaka akaona haya.

Limebaki moja. Anatakiwa ajifunze kurudi nyuma, kwa maana huko ndiko anakoangukia. Bafuni ameshaanguka. Tukimwonesha anaelewa, lakini anang'ang'ania ukuta. Anaogopa asikokuona. Mwalimu anasema akianguka tena vibaya, huenda asitoke kitandani.

Njoo umwone, wifi.

Ni mimi, mke wa kaka yako

3 Machi

Wifi,

Habari za huko? Huku tu wazima. Goti linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo mtaa mzima sasa unaniuliza mimi kabla ya kuanika nguo.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Mlete kwangu alale, nimlishe. Mtu amepanda ngazi maisha yake yote akipaka rangi nyumba za watu, leo mnamchezesha kama mtoto wa shule? Aachwe apumzike. Kuja siwezi. Mdomo wangu unaujua, hauna kifuniko. Niongee na kaka yangu asinijibu, nitaanguka mimi kabla yake.

Namkumbuka akipaka mlango wa mama, kazi yake ya kwanza. Nilisogeza pua kutazama. Akanivuta gauni: "Rudi nyuma wewe, ukiwa karibu huoni kitu." Akarudi nyuma na mimi, kichwa ameinamisha upande kama bwana mkubwa, mpaka tukakanyaga beseni la vyombo. Mama alitufukuza wote wawili na mwiko.

Usinikasirikie.

Dada mtu

24 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Goti linasemaje, tuanike au tusianike?

Nikukasirikie kwa lipi? Umetuletea dawa bila kujua. Nilipofika kwenye ule mlango wa mama, niliweka barua chini. Miaka yote niliyompelekea chakula kazini nimemwona akimaliza ukuta anarudi nyuma, kichwa upande, anautazama. Nimeona, na sikukumbuka.

Nikatoa brashi yake ya zamani, nikailoweka ilainike, nikajaza ndoo maji. Nikaenda kwenye ukuta wa uani, nikapaka maji, kimya. Ukuta ukalowa, ukakolea kama umepakwa rangi. Nikapaka vibaya kusudi, huku mengi, huku hakuna. Akavumilia kidogo, kisha akaninyang'anya brashi.

Alipaka mpaka mkono ulipofika. Halafu, wifi, akauachia ukuta. Akarudi nyuma. Akarudi tena. Kichwa upande. Mimi nilikuwa nyuma yake na mikono wazi, simgusi.

Jua likaukausha ukuta. Akanitazama kama nimemwibia kazi yake, kisha akachovya tena. Mwalimu alikuja kuona, akakaa juu ya ndoo akicheka na kufuta macho. Sasa ni kila asubuhi.

Kumlaza sikubali, nisamehe. Lakini wewe njoo. Mdomo uache nyumbani, uje na mkono.

Mke wa kaka yako

10 Juni

Wifi,

Nimefika salama. Watoto wananiuliza mbona niko kimya, wanadhani naumwa.

Nilikuja na hofu, wewe umeiona. Siku ya kwanza nilimsemesha mpaka akageuzia uso ukutani. Ukanipa brashi. Nikapaka. Kaka yangu akasimama pembeni akinitazama, akaguna. Akanionesha kwa kidole mahali nilipopaacha pakavu. Nikapaka. Akanionesha pengine. Nikamwambia, "Hata maji unayakosoa?" Akacheka kile kicheko chake cha puani. Kisha akanishika gauni, akanivuta nyuma, tukatazama pamoja.

Wiki nzima tumeongea hivyo. Nilitaka kumleta alale kwangu, kumbe angelala tu, nami dada yake ningemkosa. Asante, wifi. Sina neno jingine.

Dada mtu

28 Septemba

Wifi yangu mpendwa,

Pole tena, nami nimepoa. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke baada ya mazishi. Kile kiharusi cha pili hakikumpa kaka yako nafasi, lakini asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameupaka ukuta, na brashi aliikung'uta mwenyewe akaitundika. Nashukuru kwa hilo.

Jana nilikwenda ukumbini kumuaga mwalimu. Nikamkuta mama mmoja mgeni, maneno yamempotea, watoto wake wamemzunguka: "Inua mkono, mama. Juu, mama." Amesimama kama nguzo. Nikamuuliza binti yake, mama alikuwa akifanya kazi gani. Akasema aliuza nguo za mitumba, akizitundika juu kwenye kamba tangu binti akiwa mgongoni.

Mwalimu akanitazama. Tukafunga kamba toka dirisha hili hadi lile. Nilikuwa nimebeba shati la kaka yako, lile lenye madoa ya rangi, nimpe mwalimu amgawie mhitaji. Nikampa yule mama mkononi, sikusema kitu.

Alilikagua kola. Akalikung'uta. Kisha akainua mkono, akalitundika, akalinyoosha mabega.

Watoto wake wote walikuwa wamemganda. Nikamshika yule binti gauni, nikamvuta. Tukarudi nyuma, tukatazama.

Kaka yako alisema kweli, wifi. Ukiwa karibu huoni kitu.

Wako, mke wa kaka yako