Siku Tisini za Pumzi ya Baba

Elko, Nevada
12 Mei

Mama yangu mpendwa,

Salamu kwanza, na kama umesimama, tafadhali keti. Hujambo? Magoti yanasemaje? Mama mkubwa Oleta amepona nyonga, au bado anaisingizia ili asioshe vyombo? Mimi mwili wangu mzima. Theluji imekwisha huku na vumbi la mgodini limerudi madirishani.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara nne. Umeniandikia kwamba Ijumaa ya wiki ijayo unampelekea mkuu wa shule barua ya kuacha kazi, kwamba miaka kumi na mmoja ya kubeba masufuria ya jikoni kwao imetosha, na wenzako wameshaagiza keki. Ukaniuliza kwa mara ya tatu mbona mfuko wa pensheni wa wachimbaji uko kimya. Mara mbili nilikujibu kwamba mambo ya ofisi huenda polepole. Leo nina jibu jingine.

Lakini kwanza hali ya Baba. Vumbi la miaka ishirini na minane limemkalia mapafuni. Mashine ya oksijeni inanguruma sebuleni mchana kutwa, na hafiki kwenye sanduku la barua bila kupumzika mara mbili. Daktari alimwita Roxanne pembeni akamwambia tuhesabu wiki, miezi tuisahau. Roxanne hakulia. Tulipokuwa tunakunja nguo aliniambia kwamba mama yangu wa Oklahoma anazunguka juu ya paa lake kama tai, na safari hii tai atalala njaa. Nilitaka kuyachukulia kuwa matusi ya kawaida ya mke mpya. Lakini alikuwa akicheka huku ananikazia macho, nikaogopa, maana nilijua anajua.

Unakumbuka tulivyohangaika. Hakimu wa Muskogee alikupa nusu ya pensheni ya miaka yenu ya ndoa, halafu mfuko wa huku ukairudisha ile amri baada ya miezi mitatu, eti maneno ya hakimu wa Oklahoma hayaendani na masharti yao. Ukamlipa wakili tena, ikaandikwa upya, ikagongwa muhuri. Kwa kuwa posta hukuiamini tena, ukanikabidhi mimi mwezi wa Novemba nilipokuwa nakuja kumuuguza Baba. Ulinishika mkono pale kwenye gari ukaniambia, "Lorna, hii mkononi mwao, usiiache mlangoni." Ofisi yenyewe iko mitaa miwili tu kutoka hapa.

Mama, sikuipeleka.

Jioni niliyofika Baba alikuwa amenipikia nyama ya kulungu kwa mikono yake, huku anakohoa. Nikamweleza kuhusu amri. Hakufoka, ningemudu kama angefoka. Aliniomba nimpe muda hadi majira ya kuchipua, kwamba Roxanne akiona nusu inaondoka naye ataondoka, na yeye hataki kufa peke yake na mashine. Aliapa kwamba ataipeleka mwenyewe kabla hajastaafu. Akaniita binti yangu. Tangu mlipoachana hakuwahi kuniita hivyo hata mara moja, Mama, nami, mtu mzima nisiye na haya, nikayeyuka. Nikaiweka bahasha chini ya godoro.

Aprili mosi akastaafu. Afisa wa mfuko alikuja nyumbani na makaratasi, akauliza kama kuna amri yoyote ya mahakama kutokana na ndoa ya kwanza. Baba alinitazama mimi. Roxanne naye akanitazama. Nami ndimi niliyejibu, kwa mdomo wangu, kwamba hakuna.

Siku hiyo fungu la mjane, lile ambalo lingekulipa hata baada ya Baba kufa, liliandikwa kwa jina la Roxanne, na likishaandikwa halifutiki. Kilichobaki kwako ni ile nusu yako katika anacholipwa Baba maadamu anavuta pumzi. Jana asubuhi nimeipeleka amri, mkononi mwao, nikapewa risiti. Yule afisa alinitambua. Akaniambia kwa adabu iliyoniumiza kuliko kofi kwamba kuikagua huchukua siku tisini, ndipo uanze kulipwa. Baba akifa, malipo yanakatika hapo hapo.

Kwa hiyo nakusihi usiipeleke ile barua Ijumaa. Keki waile wenzako kwa sababu nyingine. Najua magoti yako hayawezi tena, na najua ni mimi niliyeyarudisha kwenye yale masufuria. Nikitakiwa kusimama mbele ya hakimu, wa kwenu au wa huku, nitasema yote kama nilivyokuandikia.

Siondoki hapa. Kila asubuhi namlisha Baba uji wa shayiri kijiko kwa kijiko, naye anashukuru, ananiita binti yangu. Anadhani ni mapenzi. Mimi nahesabu siku zako.

Msalimie Mama mkubwa Oleta, na usimfiche lolote katika haya. Mungu akupe nguvu ya kuamka Jumatatu.

Ni mimi mwanao, ukinikubali,
Lorna